Mwenye mlango wa mzizi ni mmea

Novemba 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark walichapisha katika jarida la Nature matokeo ambayo ukiyasoma haraka unaweza kuyaita muujiza. Walichukua kipokezi, yaani protini inayokaa kwenye ngozi ya seli ya mzizi na kutambua kinachoikaribia, wakabadili asidi amino mbili tu kati ya mamia zinazokiunda. Kipokezi ambacho kazi yake ilikuwa kupiga yowe la hatari kila kijidudu kinapokaribia kikageuka kuwa kipokezi cha kuwakaribisha bakteria wanaoupa mmea naitrojeni. Walianza na mmea mdogo wa jamii ya mikunde uitwao Lotus japonicus, kisha wakaonesha kwamba kipokezi cha shayiri nacho kinaweza kugeuzwa vivyo hivyo. Shayiri ni nafaka, binamu wa ngano, na si mbali sana na mahindi na mpunga. Haikuchukua muda habari hiyo ikafika kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima ninayoyafuatilia, ikiwa imevaa sura mbili. Sura ya kwanza ilisema mahindi yanayojirutubisha yenyewe yako njiani, kwa hiyo mbolea ya dukani inaelekea kuagwa. Ya pili ilitoka kwa wauza pembejeo: sayansi sasa imethibitisha kwamba vijidudu ndio mbolea, nunueni unga wa kuvu na bakteria.

Ninaona sura zote mbili zimekosea, tena zimekosea mahali pamoja. Zinadhani habari iko upande wa kijidudu. Utafiti wa molekuli wa zaidi ya miaka 20 juu ya ushirika wa kuvu na mizizi, unaoitwa mikoriza, umetufundisha kwamba mwenye mlango ni mmea. Mmea ndio unaoita, ndio unaokagua, ndio unaolisha, na mgeni asipoleta kitu ndio unaomtoa nje. Kinachouambia mmea ufungue au ufunge ni fosforasi iliyomo mwilini mwake. Tukilikubali hilo, swali la kuuliza linabadilika. Badala ya kuuliza tununue kuvu gani, tunapaswa kuuliza tunapanda mbegu gani, na mbolea tunaiweka kiasi gani na wapi. Hayo ni maswali ya sera ya mbegu na sera ya mbolea, na ndipo ninapotaka mjadala wetu uhamie.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini ninaichukua habari ya bakteria na kuzungumzia kuvu. Ni kwa sababu nyumba ilijengwa kwanza kwa ajili ya kuvu. Bakteria wa maharage na karanga ni wapangaji waliokuja baadaye. Katika kijiji cha Rhynie huko Scotland kuna miamba yenye mabaki ya mimea ya miaka milioni 407 iliyopita, mimea ambayo hata mizizi halisi haikuwa nayo, na ndani ya seli zake wanasayansi wameona nyuzi za kuvu zilizojitawanya kama kijiti chenye matawi. Umbo hilohilo, liitwalo arbuskuli, unaweza kuliona leo ndani ya mzizi wa muhogo. Mjerumani Albert Bernhard Frank, aliyeubuni msamiati wa mikoriza mwaka 1885, alikuwa ameagizwa na serikali ya Prussia atafute namna ya kulima uyoga ghali wa chini ya ardhi. Akajikuta ameeleza jambo linalogusa zaidi ya theluthi mbili ya mimea yote ya nchi kavu. Mikunde ilipoanza kufuga bakteria mamilioni mengi ya miaka baadaye, haikujenga mtambo mpya. Iliazima ule uliokuwa ukitumika kwa kuvu. Mwaka 2002 timu mbili zilizofanya kazi kila moja kivyake zilionesha kwamba kuna jeni ambayo ikiharibika, mmea wa mikunde hushindwa kupokea bakteria, na katika mmea huohuo kuvu nazo hukosa njia. Mlango ni mmoja.

Mlango huo unafanyaje kazi? Mmea unapopungukiwa fosforasi, mizizi hutoa kwenye udongo kemikali ziitwazo strigolaktoni. Ni wito. Mwaka 2005 Kohki Akiyama na wenzake nchini Japani walionesha kwamba kiasi kidogo mno cha kemikali hizo kinatosha kuufanya uzi wa kuvu uliokuwa umelala uanze kutoa matawi kwa pupa. Kuvu nayo hujibu kwa molekuli zake zenye asili ya kitini, dutu ileile inayojenga ukuta wa seli zake, na vipokezi vya mzizi huzisoma. Hapo kuna mtihani mgumu, maana kitini kimo pia kwenye kuvu zinazoozesha mizizi. Rafiki na adui wanabisha hodi kwa sauti zinazokaribiana, na tofauti kati ya vipokezi vya kukaribisha na vya kufukuza ni ndogo sana. Ndiyo maana asidi amino mbili za Aarhus zilitosha kugeuza maana ya hodi. Baada ya hapo, kalsiamu ndani ya kiini cha seli huanza kupanda na kushuka kwa mapigo, protini moja huyasoma mapigo hayo, jeni huwashwa, na seli ya mzizi hujipanga yenyewe kuitengenezea kuvu njia ya kupita kabla kuvu haijaingia. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo linaloeleza yote: njia huchimbwa na mwenyeji.

Kuvu ikishaingia, inalipwa na inasimamiwa. Arbuskuli huishi siku chache tu. Mwaka 2007 maabara ya Maria Harrison nchini Marekani ilionesha kwamba mmea ukiharibiwa protini inayopokea fosforasi kutoka kwa kuvu, arbuskuli hubomolewa kabla ya wakati wake, kana kwamba mmea unasema hujaleta kitu, ondoka. Malipo yenyewe ni ya kushangaza. Jenomu, yaani jumla ya vinasaba vyote, ya Rhizophagus irregularis, kuvu inayotumika zaidi kwenye utafiti na kwenye biashara, ilichapishwa mwaka 2013, na ndani yake hazikuonekana jeni za kutengeneza asidi za mafuta kuanzia mwanzo. Mwaka 2017 tafiti kadhaa zikathibitisha kinachotokana na pengo hilo: mafuta ya kuvu hutoka kwa mmea, juu ya sukari ambayo tayari ilijulikana. Kiumbe kisichoweza kujitengenezea mafuta yake mwenyewe hakiwezi kuwa ndicho kinachoshika funguo za nyumba.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda kwa urahisi wake. Kabichi, sukuma wiki na haradali, mimea ya ukoo mmoja, haina ushirika huu. Wanasayansi walipolinganisha jenomu za mimea yenye mikoriza na zile zisizo nayo, waliona kwamba koo zilizoachana na kuvu zimepoteza jeni zilezile, kila ukoo kwa wakati wake. Kuvu zimejaa kwenye udongo wa bustani ya kabichi, lakini hakuna wa kuzifungulia. Ndiyo sababu mahindi yanayofuata kabichi wakati mwingine huanza yakiwa na rangi ya zambarau kwenye majani, dalili ya njaa ya fosforasi: msimu mzima kuvu zilikosa mwenyeji, zikapungua.

Sasa nije shambani. Utafiti ambao ningependa kila afisa ugani ausome ulifanyika Mexico na kuchapishwa mwaka 2020. Watafiti walitumia mahindi yenye hitilafu kwenye jeni iitwayo castor, moja ya zile zinazoendesha mapigo ya kalsiamu. Wakapanda mahindi ya ukoo mmoja bega kwa bega kwenye shamba la kawaida, yale yenye mlango unaofanya kazi na yale ambayo mlango umekwama. Hawakuongeza kuvu yoyote. Walitegemea zilizokuwamo ardhini. Walipovuna, walikadiria kwamba karibu theluthi moja ya nafaka ilitokana na mikoriza. Hapa ndipo ninapoona thamani ya sayansi ya molekuli. Kabla yake, kupima faida ya kuvu shambani kulihitaji kuua udongo kwa sumu au mvuke, na ukishaua udongo umebadili kila kitu. Jeni moja iliyozimwa ilitupa swichi safi, na jibu likawa kwamba kuvu za bure, ambazo hakuna aliyezinunua, zilikuwa zinabeba theluthi ya mavuno.

Kwa hiyo tunauziwa nini? Mama mdogo wangu analima mahindi Mbozi. Msimu mmoja alinunua pakiti ya unga wa kuvu, akaelekezwa atie kijiko kimoja kila shimo pamoja na mbolea yake ya kupandia, DAP, kama kawaida. Mahindi yalitoka sawasawa na ya jirani ambaye hakununua. Alisema ameuziwa majivu. Mimi nadhani tatizo lilikuwa kubwa kuliko majivu. Hata kama kuvu ile ilikuwa hai, maelekezo yenyewe yalijipinga. DAP ina fosforasi nyingi, asilimia 46 ikihesabiwa kwa kipimo cha P2O5 kilichoandikwa kwenye mfuko. Mwaka 2021 watafiti wa China walichapisha katika jarida la Cell namna mfumo wa mpunga unaohisi fosforasi unavyoshika moja kwa moja jeni za mikoriza: mmea ukishiba, protini ziitwazo SPX huzifunga zile ziitwazo PHR, na orodha ndefu ya jeni za kukaribisha kuvu huzimika. Kumwekea mche mchanga rundo la DAP kisha kumwekea kuvu ubavuni ni kumkaribisha mgeni huku umefunga komeo.

Na kuna sababu kwa nini pakiti nyingi huwa dhaifu, nayo pia ilitoka kwenye jenomu. Kiumbe kinachotegemea mafuta ya mmea hai hakikuzwi kwenye mapipa kama hamira. Hukuzwa juu ya mizizi hai, ama kwenye vyungu vya mimea ama kwenye mizizi ya karoti iliyooteshwa maabara. Mwaka 2020 watafiti wa Japani walifanikiwa kuikuza kwa kiasi bila mmea, kwa kuilisha aina moja ya asidi ya mafuta, lakini kiwanda cha kweli bado ni mzizi. Hiyo ni kazi ghali na ya polepole, na bidhaa yake huharibika kwa joto la stoo za bati. Kuanzia mwaka 2009 mradi wa utafiti ulioitwa COMPRO ulipima bidhaa za namna hii zilizokuwa sokoni Kenya, Nigeria na Ethiopia, na nyingi hazikuleta tofauti yoyote kwenye mazao.

Haki itendeke kwa upande wa pili, kwa sababu upo na una hoja. Mwaka 2023 watafiti wa Uswisi walichapisha matokeo ya mashamba 54 ya mahindi waliyoyatia kuvu. Mabadiliko yalikuwa kati ya kupungua kwa asilimia 12 na kuongezeka kwa asilimia 40, na karibu robo ya mashamba ilipata ongezeko la kueleweka. Jambo la maana zaidi ni kwamba waliweza kutabiri shamba lipi litafaidika kwa kusoma vinasaba vya viumbe vya udongo kabla ya kupanda, na kielelezo bora kilikuwa wingi wa kuvu wa magonjwa. Kiasi cha virutubisho hakikutabiri vizuri kama hicho. Pale kuvu hao wa magonjwa walipokuwa wengi, kuvu rafiki iliyoongezwa ilisaidia kuwadhibiti. Basi kutia kuvu si ulaghai kwa asili yake. Hata sisi tuna mfano. Misonobari ya kigeni ilipoletwa Afrika Mashariki, miche ilidumaa vitaluni ikawa ya njano mpaka ulipoletwa udongo wenye kuvu zake, kwa sababu misonobari hutumia kuvu za aina nyingine, zinazouvika mzizi kama soksi, na hizo hazikuwapo kwenye vitalu vile. Misitu ya Sao Hill isingekuwapo bila wageni hao wa chini ya ardhi. Lakini tazama tofauti: msonobari ulikuwa unaita na hapakuwa na wa kuitika. Hindi la Mbozi linaita mahali penye waitikaji tele, isipokuwa tumelinyamazisha. Anayetaka kuuza kuvu kwa mkulima wa mahindi ana wajibu wa kuonesha kwanza kwamba shamba hilo limepungukiwa, na Uswisi wametuonesha kwamba jambo hilo linapimika.

Kundi jingine la wapinzani wangu ni wanasayansi wenye heshima. Megan Ryan na James Graham waliandika mwaka 2018 kwamba ushahidi wa kumtaka mkulima ajishughulishe na wingi au aina za kuvu hizi ni mdogo. Mambo mengine ya shamba yana uzito zaidi. Hoja yao naichukulia kwa uzito, hasa onyo lao dhidi ya kumtaka mkulima aache kutifua udongo au abadilishe mazao kwa ajili ya kuvu peke yake. Ila mashamba waliyoyaegemea zaidi ni ya nchi kama Australia, zinazomwaga fosforasi kwa miongo mingi, ambako ngano ina akiba ya kutosha ardhini na mlango umefungwa muda mrefu. Udongo mwekundu wenye tindikali wa Nyanda za Juu Kusini, wa Kagera au wa magharibi mwa Kenya uko tofauti. Humo fosforasi hukamatwa na chuma na alumini, husogea kwa shida, na mzizi humaliza haraka iliyo jirani yake, ndani ya milimita chache. Uzi wa kuvu, mwembamba kuliko kinyweleo cha mzizi, hufika sentimita kadhaa nje ya eneo hilo lililokwisha kunyonywa. Ushauri unaofaa Australia hauwezi kuhamishwa Njombe bila kupimwa upya.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosambaa zaidi, ni kwamba kuvu itachukua nafasi ya mbolea. Nadhani watu huchanganya kuvu na bakteria wa mikunde. Bakteria huchota naitrojeni hewani, ambako haimaliziki. Huleta mali mpya shambani. Kuvu haitengenezi fosforasi. Hakuna kiumbe kinachoitengeneza. Inachofanya ni kuifuata iliyopo na kuileta mzizini. Tani moja ya mahindi hubeba takriban kilo 3 za fosforasi kutoka shambani, na kama gunia linaenda Tunduma au Nairobi, kilo hizo haziwezi kurudi zenyewe. Shamba lenye kuvu hodari na lisilorudishiwa kitu litachoka taratibu zaidi, lakini litachoka. Ndiyo maana mgodi wa Minjingu kule Manyara, unaotoa mwamba wa fosfeti, utabaki na maana hata siku sayansi hii ikifika kileleni.

Kuna sababu ya pili ya kuikataa hoja hiyo, na kwetu ni ya maisha na kifo cha shamba: kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Turudi kwenye ule wito. Kabla ya kujulikana kama wito wa kuvu, kemikali ya kwanza ya kundi la strigolaktoni ilikuwa imeshapatikana mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba, na ikaitwa strigol kwa jina la kisayansi la kiduha, Striga, kwa sababu ilikuwa inaamsha mbegu za gugu hilo. Kwa karibu miaka 40 hakuna aliyeweza kueleza kwa nini mmea umwite mwizi wake kwa hiari. Ugunduzi wa 2005 ulilijibu swali hilo: mmea ulikuwa unamwita rafiki, mwizi akajifunza kusikiliza. Mbegu za kiduha ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, na zinaweza kungoja ardhini zaidi ya miaka 10 mpaka zisikie wito huo. Sasa unganisha na fosforasi. Udongo ukichoka, mtama na mahindi huita kwa sauti kubwa zaidi, na kiduha huamka kwa wingi. Wazee wanaosema kiduha ni dalili ya shamba lililochoka hawakuhitaji maabara, na maabara imewaunga mkono. Kumwambia mkulima wa Mwanza au Siaya aache mbolea kwa kuwa ana kuvu ni kumwambia aache mtama wake upige kelele katikati ya wezi.

Lakini humohumo kwenye kiduha ndimo yalimo matunda ya kwanza ya sayansi hii, na yameiva upande wa mbegu. Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Purdue na kupata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009, alitumia miaka mingi kutafuta mtama usioamsha kiduha. Kutokana na kazi hiyo, Tanzania ilisajili mwaka 2002 mbegu mbili za mtama, Hakika na Wahi. Mwaka 2017 ndipo sababu ya molekuli ilipoelezwa: kwenye mtama sugu wa aina aliyoifanyia kazi, jeni moja iitwayo LGS1 imepotea, na mzizi hutoa strigolaktoni iitwayo orobankoli badala ya ile iitwayo 5-deoksistrigoli. Kiduha huisikia kwa shida. Kuvu huisikia bado. Mmea umebadili lafudhi, rafiki anaielewa na mwizi haielewi. Mwaka 2023 mwelekeo kama huo ukaelezwa kwa mahindi, ambako uwiano wa strigolaktoni tofauti unaamua ni mbegu ngapi za kiduha zitaamka. Nikiulizwa senti ya mwisho ya utafiti iwekwe wapi, ningeiweka hapo kabla ya kuiweka kwenye unga wa pakiti.

Wapo watakaosema njia hiyo ni ya GMO na kwetu imefungwa. Tanzania ilisitisha majaribio yake mwaka 2021, na Kenya, iliyoondoa marufuku Oktoba 2022, imekuwa ikivutana nayo mahakamani. Mjadala huo una nafasi yake. Huko Cambridge, tangu 2022, kuna shayiri iliyobadilishwa jeni moja ili iwakaribishe kuvu zaidi, nayo ni GMO bila shaka. Ila kupotea kwa LGS1 ni hitilafu ya asili iliyokuwamo kwenye mtama wa Kiafrika kabla hata ya neno GMO. Kujua jeni ipi inafanya nini humsaidia mzalishaji wa kawaida wa mbegu kuchagua miche yake kwa kipimo cha maabara, bila kusubiri miaka ya kuhesabu kiduha shambani. Tusiache maarifa mlangoni kwa kuogopa matumizi yake mamoja.

Wengine husema mbegu za kisasa zimesahau kuvu kwa sababu zilichaguliwa kwenye mashamba yaliyojaa mbolea. Ni hadithi inayovutia, na kwa ngano kuna tafiti za zamani zilizoiunga mkono, lakini uchambuzi mkubwa wa mwaka 2012 uliokusanya tafiti za miaka 30 haukuona kwamba mbegu mpya kwa jumla zimepoteza uwezo huo. Tofauti zipo kati ya mbegu na mbegu. Ndiyo maana nasema zipimwe, moja moja, bila kudhani kwamba ya kienyeji ni bora au ya duka ni bora.

Kupima kwenyewe ndiko ninakokuombea mabadiliko. Mbegu zinapofanyiwa majaribio kabla ya kupitishwa, ziwekwe kwenye viwango viwili vya fosforasi, cha juu na cha chini kinachofanana na shamba la mkulima wa kawaida, ili tujue ipi inajitafutia na ipi inangoja kulishwa. Ushauri wa mbolea utoke kwenye kipimo cha udongo, maana mfuko mmoja kwa kila ekari nchi nzima unafunga mlango wa wengine na hauwatoshi wengine. Na bidhaa ya kuvu inayoombewa kibali ioneshe kwamba iko hai siku ya kuuzwa, na kwamba imeingia mizizini kwenye udongo wa hapa, si kwenye chungu cha mchanga ulioondolewa vijidudu kwa joto huko ilikotengenezwa.

Hilo la mwisho halihitaji maabara ya Aarhus. Mwaka 1998 watafiti walichapisha njia ya kuona mikoriza kwa vifaa vya jikoni na darasani. Vipande vya mizizi huchemshwa kwenye potasiamu haidroksaidi mpaka viwe vyeupe, huoshwa, kisha huchemshwa dakika chache kwenye siki iliyotiwa wino wa kalamu. Wino hushika kuvu na kuuacha mzizi. Kwa hadubini ya shule ya sekondari unaviona vijiti vyenye matawi ndani ya seli, ukahesabu ni sehemu gani ya mzizi imefunguliwa. Msimu huu mama mdogo amekubali kuniachia mistari minne bila DAP upande wa juu wa shamba. Wiki ya sita nitang'oa mizizi ya pande zote mbili, niichemshe kwenye wino na siki, nihesabu.